Madini Ambayo Bahari Hushindwa Kuyala

Mtu akienda Lamu au Mombasa, mahali vyombo vya zamani vinapopandishwa pwani kutengenezwa, ataona mafundi waking'oa misumari katika mbao. Msumari ulioingia ukiwa mnene kama kidole cha mtu mzima hutoka mwembamba kama kijiti, na pengine hautoki kabisa, bali huonekana tundu lenye unga mwekundu tu. Ubao bado ni mzima, lakini chuma kimekwisha. Fundi hashangai, maana tangu alipokuwa akijifunza kazi aliambiwa kwamba chuma na maji ya chumvi havipatani, na ndiyo sababu msumari mpya huzungushiwa pamba iliyochovywa katika mafuta kabla ya kugongomewa. Wazee wa visiwa vya Lamu walikwenda mbali zaidi. Mitepe yao ilishonwa kwa kamba za nazi, bila msumari wa chuma hata mmoja.

Wenye nyumba za mabati nao wanaijua habari hiyo. Bati lililoezekwa Nyeri au Kitale hudumu kuliko bati la namna ile ile likiezekwa ukingoni mwa bahari huko Malindi, kwa sababu upepo wa pwani huchukua chembe za chumvi na kuzilaza juu ya paa usiku na mchana.

Mwanzoni mwa karne ya 20 yalifanywa madini ambayo bahari inapita juu yake mwaka baada ya mwaka na kuyaacha karibu kama ilivyoyakuta. Jina lake ni Monel. Si madini ya namna moja yaliyochimbwa peke yake kama dhahabu, bali ni mchanganyiko wa nikeli na shaba. Wengi hawajapata kuyasikia, ijapokuwa yanatumika katika meli, katika visima vya mafuta, katika viwanda vya asidi na hata katika tarumbeta. Habari zake zinastahili kujulikana, tena si kwa ajili ya sifa zake tu. Madini haya yamewahi kuiangamiza meli mpya nzima, na sababu ya maangamizi hayo inaweza kumfaa hata mtu anayepigilia bati juu ya banda la kuku.

KUTU NI NINI?

Chuma hakichimbwi ardhini kikiwa tayari. Kinachochimbwa ni mawe au udongo mwekundu ambamo chuma kimefungamana na oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa ambayo watu na wanyama huishi kwa kuivuta. Mhunzi huyatia mawe hayo motoni pamoja na makaa, na moto wa makaa huiondoa oksijeni na kukiacha chuma. Lakini chuma hakisahau kwao. Kikipata maji na hewa huanza kuirudia hali yake ya kwanza, na hiyo ndiyo kutu: chuma kilichoshikana tena na oksijeni kikawa udongo mwekundu kama zamani.

Chumvi haianzishi kazi hiyo, bali huiharakisha. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matamu, na kuliwa kwa madini ndani ya maji ni kazi ya umeme, ingawa umeme wenyewe ni mdogo hata mtu akitia mkono wake hausikii. Neno hili msomaji na alikumbuke, maana litarudi mbele.

Ubaya mkubwa wa kutu ya chuma ni kwamba haishikamani. Hufura, ikapasuka, ikabanduka vipande vipande, na chuma kipya kilichokuwa chini yake hubaki wazi, nacho kikaliwa vile vile. Nikeli na shaba zina tabia nyingine. Kwanza hazina haraka ya kuacha hali yake na kuyeyukia majini. Pili, zinapochakaa hufanya utando mwembamba sana ulioshikamana na mwili wenyewe, na utando huo huwa kama ngozi inayozuia maji yasiingie ndani.

SHABA YA SHETANI

Zamani wachimba migodi wa Saxony huko Ujerumani walikuwa wakikuta jiwe jekundu lililofanana sana na jiwe la shaba. Walilichoma, wakalisaga, wakalichoma tena, na shaba haikutoka. Tena moshi wake uliwadhuru, kwa kuwa jiwe hilo lilikuwa na sumu ya aseniki ndani yake. Basi wakasema kwamba Nickel, pepo mkorofi wa milimani, ameiba shaba na kuwaachia uwongo, wakaliita jiwe hilo Kupfernickel, maana yake shaba ya pepo. Mwaka 1751 mtaalamu wa Uswidi, Axel Fredrik Cronstedt, alilichunguza jiwe la namna hiyo akatoa ndani yake madini meupe ambayo hayakujulikana bado. Akayaacha na jina la yule pepo, nayo yanaitwa nikeli hata leo.

Kisa kama hicho kilitokea tena mbali sana na Saxony. Mwaka 1883, watu waliokuwa wakijenga reli ya Canadian Pacific kuvuka Kanada walipasua miamba karibu na mahali panapoitwa Sudbury, katika jimbo la Ontario, wakaona mawe yenye shaba. Bonde lile si la kawaida. Wataalamu wa miamba wanasema kwamba jiwe kubwa kutoka mbinguni lilianguka pale yapata miaka milioni 1,850 iliyopita, likaipasua nchi, na madini yakakusanyika mle. Makampuni yalikuja kwa ajili ya shaba, lakini mawe yalipoyeyushwa ikaonekana kwamba shaba hiyo imechanganyika na nikeli nyingi, na kuzitenga kulikuwa kazi ndefu yenye gharama kubwa. Madini hayo mawili yamekaribiana sana tabia, na moto pekee hauwezi kuyatenganisha.

Hapo ndipo alipoingia Robert Crooks Stanley, mhandisi wa kampuni ya International Nickel ya Marekani. Wengine walikuwa wakijisumbua kutafuta njia rahisi ya kuziachanisha nikeli na shaba. Yeye aliuliza jambo jingine: itakuwaje zikiachwa pamoja? Katika mawe ya Sudbury nikeli ilikuwa karibu sehemu mbili kwa sehemu moja ya shaba. Stanley aliondoa salfa na takataka nyingine, akayaacha madini hayo mawili katika ujirani wake wa asili, na yaliyotoka yalikuwa meupe kama fedha iliyofifia kidogo, magumu, na yenye kuvumilia maji na asidi kuliko nikeli peke yake au shaba peke yake katika mambo mengi. Hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi huo ilitolewa mwaka 1906.

Jina lilitokana na mkuu wa kampuni, Ambrose Monell. Sheria za wakati ule hazikuruhusu jina la ukoo wa mtu kuandikishwa kuwa alama ya biashara, kwa hiyo herufi moja ya mwisho ikaondolewa, na Monell akawa Monel. Stanley mwenyewe hakupewa jina, lakini baadaye alipata kuwa mkuu wa kampuni ile ile.

Monel ya kawaida, ambayo mafundi huiita Monel 400, ina nikeli isiyopungua sehemu 63 katika kila 100. Shaba ni kati ya sehemu 28 na 34, na zinazobaki ni chuma kidogo, manganisi na vitu vingine vichache. Huyeyuka ikifika joto la kati ya digrii 1,300 na 1,350 za Sentigredi. Fimbo yake yenye upana wa inchi moja kila upande, hata ikiwa imelainishwa motoni, sharti ivutwe kwa nguvu ya ratli 70,000 au zaidi ndipo ikatike, kwa hiyo haipitwi na chuma cha pua kinachojengewa madaraja. Baridi haiifanyi kuwa dhaifu. Chuma cha kawaida kikipozwa sana huvunjika kama gae la chungu, bali Monel hubaki na uthabiti wake hata ndani ya oksijeni iliyogeuzwa kuwa maji, yenye baridi ya digrii 183 chini ya sifuri. Iko na ajabu nyingine ndogo: huvutwa na sumaku, lakini kwa unyonge, na ikipashwa joto kidogo tu huacha kabisa kuvutwa.

Katika maji ya bahari yanayopita kwa kasi, bamba la Monel hupungua chini ya sehemu moja ya arobaini ya milimita kwa mwaka. Yaani hata likipungua kwa kadiri hiyo yote, litahitaji miaka 40 kupoteza unene wa milimita moja.

Watu wa kwanza kuiamini kwa kazi kubwa walikuwa wajenzi wa nyumba. Stesheni kubwa ya reli ya Pennsylvania mjini New York, iliyofunguliwa mwaka 1910, iliezekwa kwa mabamba ya Monel yenye eneo la futi mraba 300,000. Jengo hilo lilianza kubomolewa mwaka 1963 ili kiwanja kitumike kwa mambo mengine, wala si kwa sababu paa lilivuja.

MELI YA TAJIRI

Baada ya sifa kama hizo, haikuwa ajabu mtu kufikiri: kama bahari haiwezi kuyala madini haya, kwa nini meli isifanywe kwayo? Aliyethubutu alikuwa Alexander Smith Cochran, tajiri wa Marekani mwenye viwanda vya mazulia na mpenzi wa mashindano ya vyombo vya tanga. Akaagiza meli ya starehe yenye urefu wa futi zaidi ya 200, ambayo ubavu wake wote, kuanzia chini majini, ungevikwa mabamba ya Monel. Ikapewa jina la Sea Call, maana yake Mwito wa Bahari, ikashushwa majini mwaka 1915.

Mabamba yalikuwa Monel, lakini meli haifanywi kwa mabamba tu. Ina mataruma, ina mkuku, ina nguzo ya mbele na fremu ya nyuma inayoshika usukani. Katika Sea Call viungo vikubwa vya namna hiyo vilifanywa kwa chuma cha pua, maana chuma kilikuwa rahisi kupatikana na mafundi walikizoea. Meli ikakaa majini majuma machache tu. Walipoikagua, mabamba ya Monel yalikuwa yaking'aa, hayana doa. Lakini chuma kilichoyashika kilikuwa kimeliwa vibaya kuliko chuma cha meli ya kawaida iliyokaa baharini miaka mingi. Hapakuwa na dawa. Meli mpya, iliyogharimu mali nyingi, ikahesabiwa kuwa haifai kitu, ikavunjwa.

Aliyeiua si bahari peke yake. Ni umeme ule uliotajwa hapo juu, na mtu anayetaka kuufahamu na aitazame betri ya tochi ya kawaida. Kopo la nje la betri hiyo ni zinki, katikati kuna kijiti cheusi cha kaboni, na baina yake kuna uji wa chumvi za dawa. Ukiunganisha kopo na kijiti kwa waya, umeme hupita na taa huwaka. Lakini umeme hautoki bure. Kila dakika taa inapowaka zinki inaliwa, na ndiyo sababu betri iliyokwisha kabisa hutoboka ikavuja na kuharibu tochi. Kijiti cha kaboni hubaki kama kilivyokuwa. Zinki ndiyo inayolipa.

Madini yoyote mawili yasiyo ya namna moja, yakigusana na kulowa maji ya chumvi pamoja, hufanya betri kama hiyo. Moja litalipa na jingine litalindwa. Wataalamu wameyapanga madini kwa zamu ya kulipa. Katika maji ya bahari magnesiamu hulipa kwanza, kisha zinki, kisha aluminiamu, kisha chuma. Mbali nyuma yao hukaa shaba, kisha Monel, na nyuma zaidi fedha na dhahabu. Kadiri madini mawili yanavyoachana katika safu hiyo, ndivyo yule wa mbele anavyoliwa kwa upesi. Sea Call ilikuwa betri yenye urefu wa futi mia mbili, na mataruma yake yalikuwa kopo la zinki.

Kuna jambo la pili, na hilo ndilo lililofanya uharibifu uwe wa haraka vile. Madini yanayolindwa yakiwa na uso mpana, na yanayolipa yakiwa na uso mdogo, deni lote huwaangukia wachache. Ubavu wa Monel ulikuwa mpana kama uwanja, na chuma kilikuwa kidogo. Kama mambo yangegeuzwa, yaani bolti chache za Monel katika ubavu mpana wa chuma, deni lingegawanywa juu ya chuma kingi hata lisionekane. Kwa kweli bolti za Monel katika mabamba makubwa ya chuma ni kazi ya kawaida, wala haidhuru.

Linalosikitisha ni kwamba jambo hili halikuwa geni. Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza liliivika manowari yake ya mbao, HMS Alarm, mabamba membamba ya shaba chini ya maji, ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao. Meli ilipokaguliwa baada ya kutumika katika bahari ya West Indies, shaba ilikuwa nzuri, lakini misumari mingi ya chuma iliyoigusa shaba ilikuwa imelika hata mabamba mengine yameachia. Mahali pachache misumari ilikutwa mizima. Wakaguzi walipotazama vizuri waliona kwamba hapo karatasi ya kahawia iliyofungia mabamba ya shaba ilikuwa haikubanduliwa, ikabaki kati ya shaba na chuma. Karatasi tu! Kwa miaka zaidi ya 150 habari hiyo ilikuwa imeandikwa, na bado Sea Call ikajengwa.

Mafundi wa bara na wa pwani wanaweza kuijaribu sheria hii kwa gharama ndogo. Mabati ya nyumba ni chuma kilichochovywa katika zinki, na kazi ya zinki hiyo ni kulipa badala ya chuma, hata mahali palipokwaruzwa. Fundi akipigilia bati kwa msumari wa shaba, au akiuacha waya wa shaba ulale juu ya paa, zinki iliyo karibu italiwa upesi, kisha chuma nacho kitafuata, na tundu litatokea hapo kabla ya mahali pengine. Msumari wenye zinki kama bati lenyewe haufanyi hivyo. Mabaharia nao wameigeuza sheria hii kuwa rafiki: meli nyingi zinazoingia Kilindini zina vipande vya zinki au aluminiamu vilivyofungwa ubavuni karibu na rafadha, na kazi ya vipande hivyo ni kuliwa tu, ili chuma cha meli kipone. Vikipungua hubadilishwa.

Monel haikufukuzwa baharini baada ya aibu ya mwaka 1915. Ilipewa kazi zinazoifaa. Mihimili ya rafadha, mihimili ya pampu za maji ya chumvi, vali na vichujio vyake hufanywa kwa Monel, hasa ile ya namna ya K-500 iliyotiwa aluminiamu na titaniamu kidogo ikaongezwa ugumu kwa moto. Katika Ghuba ya Meksiko, majukwaa ya kuchimbia mafuta husimama baharini kwa miguu ya chuma, na sehemu inayoharibika kuliko zote ni ile inayolowa na kukauka kila wimbi linapopiga. Tangu katikati ya karne ya 20 miguu kama hiyo imevikwa Monel mahali hapo. Mtu atauliza, je, hiyo si Sea Call tena? La. Vazi huchomelewa pande zote hata maji yasipenye kati yake na chuma, na chuma kilicho chini majini hulindwa kwa zinki, aluminiamu au umeme wa mashine. Ni ndoa ile ile, lakini safari hii wamewekewa masharti.

ASIDI INAYOKULA KIOO

Maadui wa madini si bahari tu. Kuna asidi iitwayo hidrofloriki, ambayo haiwezi kuwekwa katika chupa, kwa sababu hukila kioo. Ikimwagikia ngozi ya mtu, pengine haimchomi sana mara ile ile, bali hupenya ndani ikaishambulia kalisi ya mwili na mifupa, na huweza kumwua. Hata hivyo viwanda vingi vya kusafisha mafuta huitumia kuunganisha gesi nyepesi ziwe petroli bora. Mabomba mengi katika viwanda hivyo ni ya chuma cha kawaida, maana asidi hiyo ikiwa kali, haina maji mengi, hufanya ukoko juu ya chuma unaokilinda. Mahali penye hatari zaidi, kama katika vali na sehemu zenye joto, huwekwa Monel, kwa kuwa ni madini machache sana yanayoivumilia asidi hiyo kama Monel.

Hapa pana jambo la kustaajabisha. Tarehe 21 Juni 2019 inatajwa sana na wahandisi. Siku hiyo kona moja ya bomba la chuma ilipasuka katika kiwanda cha kusafisha mafuta mjini Philadelphia, Marekani. Gesi ikatoka, ikashika moto, ikalipuka, na pande la mtambo lenye uzito wa karibu ratli 38,000 likarushwa hata ng'ambo ya mto Schuylkill. Asidi zaidi ya ratli 5,000 ilitoka. Ingetoka nyingi zaidi kama mfanyakazi aliyekuwa katika chumba cha usimamizi asingalihamisha upesi sehemu kubwa yake kwenye tangi la akiba. Watu watano waliumia kidogo, na hakuna aliyekufa. Baadaye kiwanda kilifungwa.

Wachunguzi wa serikali ya Marekani walipoipima kona ile waliona kwamba ukuta wake ulikuwa umelika hata ukabaki na unene wa karibu sehemu moja ya mia ya inchi, ilhali mabomba ya jirani yalikuwa bado manene. Kona hiyo, iliyowekwa yapata mwaka 1973, ilikuwa ya chuma chenye nikeli na shaba nyingi kupita wenzake, mabaki ya vyuma vikuukuu vilivyoyeyushwa kukifanya. Basi nikeli na shaba, ambazo zikiwa bamba zima la Monel hustahimili asidi ile, zikiingia kidogo kidogo ndani ya chuma hukidhoofisha ule ukoko wake wa kinga. Kilicho dawa katika chungu kimoja kilikuwa sumu katika kingine.

Monel yenyewe ina udhaifu wake. Mvuke wa asidi hiyo ya hidrofloriki ukichanganyika na hewa yenye unyevu, Monel iliyovutwa au kukazwa sana huweza kupasuka nyufa. Asidi ya nitriki huiyeyusha. Dawa kali za kufanyia nguo nyeupe huishambulia. Maji ya bahari yakituama, na chaza na magugu yakiota juu yake, huweza kutobolewa vishimo chini ya wadudu hao, ijapokuwa haitobolewi katika maji yanayokwenda. Salfa pamoja na moto ni adui mwingine. Fundi anayetaka kuchomelea Monel sharti kwanza afute mafuta, jasho la mkono na hata alama za chaki ya rangi, kwa sababu salfa iliyomo katika vitu hivyo huingia ndani ya madini moto unapowaka, na baadaye huvunjika. Kwenye mashine ya kukerezea pia inataka subira: kifaa kiwe kikali, kiingie kwa nguvu na kwa mwendo wa polepole, maana kikisugua tu bila kukata, uso wa Monel huwa mgumu zaidi na zaidi.

Nyumbani, watu wa Marekani waliitumia kwa masinki ya jikoni katika miaka ya 1920 na 1930, kisha chuma cha pua kisichoota kutu kikaichukua nafasi hiyo kwa bei nafuu. Vibati vya majina walivyovaa shingoni askari wengi wa Marekani katika Vita vya pili vya Dunia vilikuwa vya Monel, maana jasho haliviharibu, na kwa sababu iyo hiyo vidude vinavyopanda na kushuka ndani ya tarumbeta hufanywa kwayo. Viwanda vya chumvi vya nchi za baridi, visivyo na jua la Gongoni la kukausha maji ya bahari viwanjani, huchemsha maji ya chumvi katika mitambo iliyofungwa, na Monel imetumika sana humo.

Mtu asiyepata kuiona Monel pengine amewahi kumshika ndugu yake. Shilingi ya Kenya iliyotolewa mwaka 1966 ilikuwa ya shaba na nikeli, lakini uwiano wake umegeuzwa: shaba ndiyo iliyo nyingi, nikeli kidogo. Mchanganyiko wa ukoo huo hufanyiwa mabomba katika mitambo ya nchi za Ghuba inayogeuza maji ya bahari kuwa maji ya kunywa. Kinachoizuia Monel isienee kila mahali ni bei, kwa maana theluthi mbili yake ni nikeli, na nikeli si rahisi. Hazina kubwa ya nikeli iko hata Afrika ya Mashariki, kule Kabanga katika wilaya ya Ngara, Tanzania, na Musongati nchini Burundi.

Wanunuzi wa vyuma vikuukuu, ambao hawataki kulipia Monel na kupewa kitu kingine, wana njia yao ya zamani ya kuitambua. Hulisafisha pande linaloshukiwa, wakatia juu yake tone moja la asidi ya nitriki, nao hujilinda macho na mikono, maana asidi hiyo huchoma. Likiwa chuma kisichoota kutu, tone hukaa tu bila rangi. Likiwa Monel, tone huchemka na kugeuka rangi ya kijani yenye buluu. Kisha huongeza matone machache ya maji, wakasugua hapo kwa ncha ya msumari wa kawaida. Chuma kinaliwa, shaba iliyokuwa imeyeyuka inaliacha tone na kushika juu yake, na msumari hutoka na ncha nyekundu ya shaba.